Siku 30 zimegeuka namba hasi

Sheikh, umeuliza kwa nini tiketi zinafutika mara tu zikihifadhiwa, ukaishuku hifadhidata. Hifadhidata haina kosa. Umeweka siku 30 za kutunza tiketi za boti ya Mkoani, programu ikazizidisha kuwa milisekunde: 2,592,000,000. Inti ya biti 32, yaani nafasi ya kuwekea namba kamili, inaishia 2,147,483,647 na ikizidi hapo inarukia upande wa hasi, ndiyo maana logi yako (kumbukumbu za programu) inaonyesha -1,702,967,296 na tiketi zinafutwa papo hapo. Siku 24 zinapita, 25 hazipiti.

Achana na atoi, ile amri ya lugha ya C ya kugeuza maandishi kuwa namba; haikwambii lolote namba ikizidi. Soma kwa strtol, inayofanya kazi hiyo hiyo, errno (mahali C inapoandika namba ya kosa) ukiipa sifuri kwanza, kisha uangalie kama imekuwa ERANGE, yaani namba imevuka kiwango. Hiyo peke yake haitoshi: 30 ni namba halali kabisa, kinachofurika ni kule kuzidisha. Kwa hiyo kabla hujazidisha, linganisha siku na INT_MAX / 86400000, yaani kikomo cha inti ukikigawa kwa milisekunde za siku moja. Zikizidi, programu ikatae kuwaka na itaje mstari wenye kosa kwenye mipangilio. Usizipunguze kimyakimya, nakuomba sana. Abiria atafika bandarini tiketi yake haipo.