Maswali na Majibu: Mto, Mchanga na Ufukwe Unaoliwa

Mjadala wa Louisiana, Marekani, kuhusu kutumia tope la mto kurejesha pwani inayomomonyoka umewafanya wasomaji kadhaa wa Dar es Salaam kutuandikia. Tunajibu maswali manne.

Mradi wa Louisiana ulikusudia nini hasa?

Mto Mississippi ndio ulioijenga pwani ile kwa kumwaga tope kila ulipofurika. Baada ya gharika ya 1927 matuta ya kingo yaliimarishwa, tope likawa linapita moja kwa moja hadi baharini, na tangu miaka ya 1930 jimbo hilo limepoteza takriban kilomita za mraba 5,000 za ardhi, ingawa mifereji ya kampuni za mafuta na kudidimia kwa ardhi navyo vimechangia. Mradi wa Mid-Barataria, uliokadiriwa kugharimu karibu dola bilioni 3, ungefungua tuta na kuchimba mfereji wa kupitisha hadi mita za ujazo 2,100 za maji yenye tope kwa sekunde kuelekea Ghuba ya Barataria. Ujenzi ulianza Agosti 2023. Julai 2025 jimbo likaufuta.

Kama unajenga ardhi, kwa nini wavuvi waliupinga?

Kwa sababu tope haliji peke yake. Linakuja na maji mengi ya mto yasiyo na chumvi, na chaza, ambaye akishajishika mahali hahami, hufa chumvi ikipungua kwa muda mrefu. Wavuvi wa kamba nao walihofia mazalia yao, pomboo wa ghuba ile wangedhurika, na baadhi ya makazi yaliyo nje ya matuta yangefurika mara nyingi zaidi. Watetezi walijibu kwamba bila tope ghuba yenyewe itageuka bahari wazi. Kwa maoni yangu hoja yao ina nguvu, lakini haimlipii karo mvuvi wa leo. Fidia ilipaswa kumfikia mkononi kabla ya tingatinga kufika.

Je, kwenye ufukwe wetu wa Kunduchi unaoliwa na bahari tuchimbe mfereji kama huo? (Msomaji wa Mtongani)

Hapana. Mito Tegeta na Mbezi bado inaingia baharini. Kinachopungua ni mchanga wake. Ukishuka mtoni wakati wa kiangazi utawakuta vijana wenye makoleo wakipakia Fuso, na mchanga ambao mvua za masika zingeusukuma hadi ufukweni unaishia kwenye matofali ya kuta zetu. Kuta za mawe zilizoingizwa baharini mbele ya baadhi ya hoteli hunasa mchanga upande mmoja na kumnyima jirani wa upande wa pili. Ukuta wa Barabara ya Barack Obama ni habari nyingine: unalinda barabara, haurudishi ufukwe.

Na Bwawa la Julius Nyerere litaiathiri delta ya Rufiji?

Bwawa lolote kubwa hunasa mashapo, yaani tope na mchanga wa mto, na hili, lililoanza kujazwa Desemba 2022 kwa ajili ya megawati 2,115 za umeme, limekaa katikati ya mto unaoilisha delta yenye mikoko mingi kuliko zote Afrika Mashariki. Umeme tunauhitaji, sibishi. Hata hivyo, kingo za delta zipimwe kila mwaka, na vipimo hivyo vipelekwe kwanza kwenye ofisi za vijiji vya wavuvi wa kamba.