Elfu itangulie au ifuate?

Swali: Nafundisha hesabu hapa Kadutu, Bukavu. Namba 2 147 483 647 mimi naisoma "miliari mbili na kadhalika", lakini kitabu cha Tanzania kinasema "bilioni mbili". Nani yuko sahihi?

Jibu: Nyote wawili, mwalimu. Bilioni ya Dar es Salaam na miliari yetu ni kitu kimoja: 1 na sifuri 9. Miliari tuliichukua katika Kifaransa, na katika Kifaransa hicho hicho bilioni ni 1 na sifuri 12. Kwa hiyo mwanafunzi wako akisikia "bilioni mbili" anaweza kuandika namba kubwa mara 1000. Darasani shika miliari, kisha andika tarakimu ubaoni.

Kinachoniudhi mimi ni elfu. Soma kipande cha 483 katika namba yako: "elfu mia nne themanini na tatu". Elfu imetangulia, lakini mzigo wake, yaani namba inayohesabu hizo elfu, unaishia wapi? Hapa mkia wa "mia sita arobaini na saba" unamwokoa msikilizaji. Uondoe mkia, useme "miliari mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu". Je, ni 2 147 483 000 au 2 147 400 083? Maneno ni yale yale, na kati ya namba hizo mbili kuna 82 917! Wengine hujitetea kwamba muktadha utaonyesha. Sokoni sawa: ukiambiwa "elfu ishirini na tano" unajua hakuna anayeuza kitu kwa faranga 20 005. Darasani hakuna bei ya kukuongoza.

Baya zaidi, jaribio la tisa (kujumlisha tarakimu ili kujua baki la kugawa kwa 9) halilioni kosa hili. Jumlisha tarakimu za namba zote mbili: kila moja inatoa 29. Ukigawa 1000 kwa 9 inabaki 1, kwa hiyo 83 ikihamia kwenye maelfu, baki halibadiliki. Tumia 11: anza kulia, jumlisha tarakimu moja, toa inayofuata, na kuendelea. Ya kwanza inatoa 3, ya pili inatoa −7. Hapo kosa limekamatwa.

Na namba uliyoichagua haivumilii makosa. Ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 31, kisha ukatoa 1. Katika mfumo wa tarakimu mbili ni 1 thelathini na moja mfululizo. Ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwanahisabati Euler alimwandikia mwenzake Bernoulli habari hiyo mwaka 1772: aliona kwamba kigawo chake chochote, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63, na kwa kuwa kupita 46 340 hakuna haja ya kutafuta, zikabaki namba zisizofika 400 za kujaribu. Ongeza 1 tu, unapata namba shufwa. Kompyuta inayoweka namba nzima zenye alama (+ au −) katika biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, haina kubwa kuliko hii. Ukiiongezea 1, mara nyingi inakurudishia −2 147 483 648.

Basi elfu ifuate mzigo wake: "mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba". Na 400 083 iwe "mia nne elfu, na themanini na tatu". Watu wa pwani wana laki, yaani 100 000, iliyotoka India, na 400 083 inaweza kuwa "laki nne, na themanini na tatu". Naikubali, ingawa wanafunzi wako itabidi waizoee. Elfu mbili, elfu tano, hadi elfu kumi: iache itangulie. Ikipita hapo, iweke nyuma.