Usiandike 20 kama hukuhesabu: majibu kwa wanafunzi wapya wa uuguzi

Tangu vyuo vifunguliwe, maswali yamemiminika kutoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma: ya wanafunzi walio katika miezi yao ya kwanza, na ya wazazi wanaolipa karo. Nimeyachukua yale yanayowagusa wengi.

Nina wastani wa C katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, lakini Bayolojia nilipata C-. Naweza kusomea diploma ya uuguzi? (Webuye)

Hapana. Diploma inataka wastani wa C, C ya Bayolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na angalau C- katika mojawapo ya Hisabati, Fizikia au Kemia. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno. Tafadhali someni masharti kabla ya kuandika.

Mwalimu, kuna kijana hapa mtaani anayesema nikimpa shilingi 60,000 atamtafutia binti yangu nafasi KMTC. Nimtumie nusu kwanza? (Mama, Bungoma)

Usimtumie hata shilingi moja, mama. Nafasi za KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, hutolewa kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo. Binti yako anaingia kwenye tovuti yao mwenyewe, anachagua kozi, na akipata nafasi anapakua barua yake mwenyewe. Hakuna ada halali inayolipwa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Barua za kughushi hugunduliwa siku ya kuripoti, mzazi akiwa langoni na sanduku na godoro, na ng'ombe alishauzwa.

Umeuliza hilo moja, lakini kuna la pili ambalo wazazi hulisahau. Mkiamua kumpeleka chuo cha binafsi au cha misheni, kwanza tazameni kama jina la chuo limo katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Asomaye katika chuo kisichoidhinishwa haruhusiwi kufanya mtihani wa leseni, na bila leseni hawezi kuajiriwa kama muuguzi. Halafu, akishaanza masomo, aulize ofisini kama amesajiliwa na Baraza kama mwanafunzi, na kama majina yake yameandikwa sawasawa na yalivyo kwenye kitambulisho na cheti cha KCSE. Herufi moja iliyokosewa leo itamsumbua sana siku ya kuomba leseni.

Ninaripoti Kisumu. Ninunue nini mbali na vitu vilivyo kwenye orodha ya chuo? (Siaya)

Saa ya kubandika kifuani, yenye mshale wa sekunde. Saa ya mkononi haifai, kwa sababu mikono inapaswa kuwa wazi kuanzia kiwiko kwenda chini ili uioshe vizuri. Viatu vya ngozi vilivyofunika vidole, soli ya mpira, visivyoteleza. Kijitabu kinachoingia mfukoni. Chandarua chenye dawa, maana ukanda wa ziwa ni nyumba ya malaria. Stethoskopu ya bei ghali usinunue. Ya kawaida inatosha mwaka wa kwanza.

Muhimu kuliko vyote hivyo ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukingoja hadi siku ya kwanza wodini, umechelewa.

Tulipewa wagonjwa wengi wa kupima asubuhi. Wenzangu wanaandika upumuaji 20 kwa kila mgonjwa bila kuhesabu, na hakuna anayewauliza. Mimi nachelewa na nalaumiwa. Nifanyeje? (Nakuru)

Endelea kuchelewa, mwanangu. Hili ndilo jambo ninalotaka kila mwanafunzi mpya alisikie.

Chukua chati za wodi yoyote uzisome kutoka kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. 20, 20, 20, 20. Hakuna wodi duniani ambayo watu wote wanapumua sawa. Ile 20 inapendwa kwa sababu iko ukingoni mwa kiwango cha kawaida cha mtu mzima, 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo haimshtui yeyote. Lakini upumuaji mara nyingi ndio wa kwanza kubadilika mgonjwa anapoanza kuzidiwa, kabla presha haijashuka. Ukiandika 20 wakati anapumua mara 32, umemzimia mgonjwa taa ya hatari, na daktari atakayepita saa nne ataisoma chati yako na kwenda zake.

Kwa watoto ni hatari zaidi. Katika wodi za watoto za Kisumu, Kakamega na Siaya utakutana na nimonia, malaria kali, upungufu wa damu na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Kwa mtoto anayekohoa, kupumua kwa haraka ni 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi 5. Kipimo hicho kinaweza kuamua kama mtoto anatibiwa nimonia au la. Hakuna mashine inayohitajika, ni macho yako na saa.

Namna ya kuhesabu: mtu mzima mshike mkono kama unayepima mapigo. Ukimaliza mapigo usimwachie; tazama kifua na tumbo kwa dakika nzima bila kumwambia, kwani anayejua anahesabiwa hubadilisha pumzi. Mtoto mhesabu kwanza, kabla ya kumvua nguo, kabla ya kipimajoto, akiwa ametulia kwa mamake. Akilia, ngoja. Sekunde 15 mara nne hazifai kwa mtoto, kwa sababu pumzi zake hazina mpangilio. Kosa la pumzi mbili linakuwa kosa la nane.

Wakikulaumu kwa kuchelewa, anza kazi mapema zaidi, na anza na wale walio wagonjwa zaidi, si na aliye karibu na mlango. Usipofikia kitanda fulani, acha nafasi wazi na umwambie mkuu wa wodi. Nafasi iliyo wazi humfanya mtu aende kupima. Namba ya kubuni humzuia.

Presha ya mgonjwa ninayopima kwa mkono, bila mashine, haifanani na anayopata sista. Kosa liko wapi? (Kakamega)

Huenda ni mkanda unaofungwa mkononi mwa mgonjwa. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, presha inasomeka juu kuliko ilivyo. Mpira ulio ndani ya mkanda uwe na upana wa karibu asilimia 40 ya mzunguko wa mkono. Ukingo wa chini ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya kikunjo cha kiwiko, juu ya ngozi na si juu ya sweta, hata kama asubuhi ya Nakuru ina baridi.

Mgonjwa apumzike dakika 5, miguu isipishane, mkono ulale juu ya kitu usawa wa moyo, na asizungumze. Wewe pia nyamaza. Shika mshipa wa kifundo cha mkono, jaza hewa hadi mapigo yapotee, ongeza 30 juu ya hapo, kisha weka stethoskopu na uachie hewa kwa milimita 2 hadi 3 kila sekunde. Wanafunzi wengi huachia hewa kwa pupa. Sauti ya kwanza inawapita, namba ya juu inatoka ndogo kuliko ilivyo. Kwa mama mjamzito kosa hilo linaweza kuficha 140/90, ambayo ni lazima itolewe taarifa papo hapo.

Usiitazame chati ya jana kabla ya kupima. Ukiitazama, sikio litasikia namba ileile.

Mwezi mzima tunaosha wagonjwa na kutandika vitanda. Sikuja kusomea kazi ya yaya. (Kisii)

Umekuja kusomea uuguzi, na uuguzi unaanzia hapo. Unapomwosha mgonjwa ndipo unapoona wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole, juu ya mfupa wa matakoni au kwenye kisigino. Hicho ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Ukikiona leo, kumgeuza kila saa 2 kunaweza kukizuia. Ukikikosa, wiki ijayo utakuwa unasafisha shimo. Mgonjwa anapooshwa ndipo pia anapokuambia asiyomwambia daktari. Hakuna mashine itakayokupa habari hizo.

Nilijidunga na sindano iliyotumika nikiifunika kifuniko. Ni siku moja sasa. Naogopa kusema, nitafukuzwa? (hakutaja mahali)

Nenda sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma. Dawa za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kisha humezwa kwa siku 28. Kila saa unayongoja inakugharimu. Utapimwa VVU na homa ya ini, na mgonjwa pia atapimwa akikubali. Kujidunga ni ajali ya kazini. Hakuna aibu.

Wengine mjue hatua hizi kabla hazijawafika. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usisugue, usimimine dawa kali. Mwambie mkuu wa wodi, ajali iandikwe. Na sindano iliyotumika haifunikwi tena: inaingia moja kwa moja kwenye kisanduku cha usalama, ambacho hufungwa kikifika robo tatu. Wengi hujidunga wakisukuma sindano ndani ya kisanduku kilichojaa.

Karibu nizimie kidonda kilipofunguliwa. Je, kazi hii si yangu? (Busia)

Ni yako. Kula kabla ya zamu, hata uji na kiazi. Usisimame magoti yakiwa yamekazwa. Ukianza kutoka jasho baridi na kuona giza, sema na ukae chini papo hapo. Anayejikaza huanguka na kuumia kichwa. Wengi huzoea.

Nisaidie hesabu ya dripu. (Eldoret)

Mililita zidisha kwa matone yanayofanya mililita moja, gawanya kwa dakika. Lita moja kwa saa 8, mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita: 1000 × 20 ÷ 480, yaani matone 42 kwa dakika. Idadi ya matone imechapishwa kwenye pakiti, isome kila mara. Kwa mpira wa matone 60, matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa. Ukishapanga, hesabu dakika nzima, kisha rudi baada ya dakika 15, kwa maana mgonjwa akikunja mkono mwendo hubadilika. Na mwanafunzi hatundiki dripu bila msimamizi.

Naweza kupiga picha nikiwa wodini na sare yangu, nikificha sura za wagonjwa? (Nakuru)

Hapana. Kitanda, chati, blanketi alilotoka nalo nyumbani: jamaa zake watamtambua. Piga langoni.

Nimetoka Nakuru, nasoma Kisumu, na wagonjwa wazee wanasema Dholuo tu. (Kisumu)

Jifunze salamu kwanza: "Amosi", kisha "Iwinjo nade?", unajisikiaje. Anayepelekwa Kakamega aanze na "Mulembe", wa Kisii "Bwakire", wa Kericho "Chamgei". Baada ya hapo, jifunze maneno ya maumivu, kuhara, kutapika, damu na mkojo. Yaandike kwenye kile kijitabu cha mfukoni. Kwa maelezo marefu au idhini ya matibabu mtafute mhudumu anayeijua lugha. Usimtumie mtoto wa mgonjwa kutafsiri. Mama hatakubali kusema mbele ya mwanawe kwamba anatokwa na usaha, atasema anaumwa kichwa, nawe utaandika kichwa.