Mwalimu wa Uraia, anzia Mnivata kabla ya kufika kwenye chama

Simama mbele ya kidato cha tatu uulize vyama vya CCM, CHADEMA, CUF na ACT-Wazalendo vinatofautianaje kuhusu uchukuzi. Utajibiwa kwamba hawa wanajenga na wale wanapinga, au kinyume chake, kutegemea aliyejibu katokea nyumba gani. Hayo ni maneno ya vijiweni, na mwanafunzi akitoka nayo darasani kama alivyoingia nayo, kipindi kimepotea. Nafundisha Uraia huku Mtwara, na mada hii naipenda kuliko zote, kwa sababu watoto wa Kusini hawahitaji kuelezwa shida ya barabara. Walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi naifundishaje bila kuonekana napiga kampeni. Ninavyofanya ni hivi.

Vyama viweke pembeni kwanza. Kipindi cha kwanza chote tunazungumzia njia tunazozijua. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na karibu kila mwanafunzi ana ndugu aliyekwama. Halafu nawapeleka kwenye barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, ambayo kwa miaka kadhaa lami yake iliishia Mnivata, kilomita 50 tu kutoka mjini. Binti mmoja wa Nanyamba alitueleza safari ya kwenda kwa bibi yake Newala: "Mwalimu, ukifika Mnivata usingizi unakatika wenyewe." Akaonyesha kwa mikono gari linavyorushwa, kina mama wanavyovuta khanga kufunika pua, lori la korosho linavyopita na kuwaachia vumbi lisilotua. Darasa zima lilikuwa linatikisa kichwa.

Hapo ndipo naandika ubaoni maswali manne: Kipi kijengwe kwanza? Nani alipe? Nani amiliki na kuendesha? Nani aamue? Tofauti za vyama zimo ndani ya maswali hayo. Nje yake kuna makofi tu.

Swali la nani alipe lipe muda wa kutosha. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta. Mwaka 2021 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mwanafunzi ambaye kaka yake ni bodaboda alipiga hesabu palepale: akichoma lita tatu kwa siku, shilingi 300 zimekwenda kwenye barabara kabla hajapata abiria. Mwenzake akamjibu kwamba kaka hatoi hata senti, anayetoa ni abiria, maana nauli imepanda. Wa tatu akauliza kwa nini mwenye shamba la korosho asilipe zaidi, wakati malori ndiyo yanayoharibu barabara. Waache wabishane. Wanabishania kodi bila kujua, na siku wakisoma chama kimoja kinataka tozo ipungue na kingine kinataka mfuko wa barabara uongezewe, watakuwa wanaelewa kinachozungumzwa. Katikati ya mjadala huo wakumbushe kwamba barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, za vijijini na mitaani ziko TARURA. Wengi wanamlaumu diwani kwa barabara isiyo yake.

Sasa leta ilani za uchaguzi za vyama. Mimi nanakili kwa mkono, kwenye karatasi za manila, aya za uchukuzi kutoka vyama vitatu au vinne, jina la chama nalifunika. CHADEMA haikushiriki uchaguzi wa 2025, kwa hiyo kwao natumia ilani ya 2020, na nawaambia wanafunzi wazi kwamba ni ya mwaka gani. Jambo la kwanza wanalogundua ni kwamba kila chama kinaahidi lami. Likubali hilo, kisha uwaulize: lami kwa fedha ya nani, na kwa uamuzi wa nani?

Hapo rangi zinaanza kuonekana. CCM, kwa kuwa ndiyo yenye serikali, ilani zake zimejaa miradi yenye majina: reli ya kisasa, ndege za ATCL, shirika la ndege la taifa, reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ambayo watoto wa hapa wameisikia tangu wakiwa chekechea. Mkazo wake ni serikali kuu kubeba miradi mikubwa. CHADEMA ina sera ya majimbo, maana yake maamuzi na sehemu ya mapato vibaki karibu na wananchi. Uliza darasa, je, jimbo la Kusini lingeanza na ndege au na Mnivata hadi Newala? ACT-Wazalendo inajitambulisha kwa ujamaa wa kidemokrasia, CUF imetoka kwenye mrengo wa kiliberali unaoamini soko zaidi. Mwanafunzi akishajua hayo, anaweza kukisia chama kingesema nini hata pale ilani iliponyamaza.

Lakini waonye wasikisie haraka. Mfano wangu ni bandari. Mwaka 2023 Bunge liliridhia makubaliano na Dubai yaliyoifungulia mlango DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, na Oktoba mwaka huo mkataba wa uendeshaji katika bandari ya Dar es Salaam ukasainiwa. Serikali ya CCM, chama ambacho katiba yake bado inataja Ujamaa na Kujitegemea, ilitetea mwekezaji. CHADEMA, chama kinachounga mkono sekta binafsi, ilisimama majukwaani kupinga. Darasa huchanganyikiwa, na nafurahi likichanganyikiwa, kwa sababu ndipo linapojifunza kutenganisha kupinga sekta binafsi na kupinga masharti ya mkataba fulani. Kisha wanauliza wenyewe: na bandari yetu ya Mtwara, yenye kina kirefu na gati jipya, nani aiendeshe?

Chama hicho hicho pia hubadilika, na hapa historia inakusaidia. Wakati wa Rais Mkapa, mwana wa Masasi, asilimia 49 ya hisa za shirika la ndege ziliuzwa kwa South African Airways. Mwaka 2007 reli ikakodishwa kwa kampuni ya India. Mipango yote miwili ilivunjika, na kufikia 2016 na 2017 serikali ya chama kilekile ilikuwa inanunua ndege na kujenga reli kwa mkono wake. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya CCM ya 2002 na ya 2017 kuhusu uchukuzi ni kubwa kuliko tofauti nyingi kati ya CCM na wapinzani wake. Mwanafunzi anayeliona hili hawezi tena kuzungumzia chama kama timu ya mpira.

Kuhusu usalama wako: mada iwe kwenye azimio la kazi, andalio la somo liwe tayari, na mkuu wa shule aone karatasi zako kabla ya wanafunzi. Bendera, fulana na kofia za vyama visiingie darasani. Huku kwetu watu hawajasahau vurugu za mwaka 2013, watu walipopinga gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na baadhi ya nyumba ziliumia. Mjadala ukielekea huko, sikiliza, usimkatishe mtoto, kisha urudi kwenye maswali manne. Wakikuuliza wewe ni chama gani, na watakuuliza, jibu langu ni fupi: kura yangu ni siri, na yako pia itakuwa siri.

Kazi ya mwisho ninayowapa ni kuandika barua kwa wagombea wawili wa vyama tofauti kuhusu barabara moja wanayoipita, wakieleza wanakubaliana na kila mmoja kwa lipi na wanapingana naye kwa lipi. Anayesifia upande mmoja tu hapati nusu ya maksi, na asiyetaja ilani ni ya mwaka gani namrudishia daftari aandike upya.