Mwanangu, hesabu mito anayolalia

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unasema miguu ya mkweo huvimba jioni, asubuhi uvimbe umepungua, na tangu wiki hii ameanza kuhema akipanda ngazi. Unauliza utajuaje kama ni jambo la kungoja siku ya kliniki au la kuondoka usiku huohuo. Umemuuliza aliyengoja.

Unakumbuka nilivyokuwa nalala kwenye kiti sebuleni, tukawaambia ni joto? Haikuwa joto. Ilianza na soksi. Nikizivua jioni, alama ya mpira imezama kwenye kifundo kana kwamba nilifungwa kamba. Nikibonyeza muundi kwa dole gumba, kishimo kinabaki palepale, naweza kukitazama nikanywa chai. Ikaja mito: mmoja haukutosha, nikaongeza wa pili, kisha wa tatu. Nikilala chali nasikia kifua kinajaa, na saa nane za usiku nashtuka mbio hadi dirishani kutafuta hewa. Mama yako ndiye aliyehesabu mito. Mimi nilikuwa natafuta viatu vipana zaidi.

Baadaye daktari alinieleza. Moyo ukichoka kusukuma, damu hurundikana nyuma yake na maji huanza kuvuja. Mengine hushuka miguuni kwa sababu ndiko chini, mengine hubaki kwenye mapafu. Ya miguuni ndiyo tunayoyaona, ya kwenye mapafu ndiyo yanayoua. Kwa hiyo ukishamtazama miguu, msikilize pumzi. Je, anamaliza sentensi bila kukatisha? Analalia mito mingapi, na mwezi uliopita alikuwa analalia mingapi? Mpime uzito kila asubuhi akitoka msalani, kabla hajala, kwa mizani ileile. Akiongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, hayo ni maji. Hakuna anayenenepa kwa kasi hiyo. Siku hiyohiyo apelekwe kwa daktari.

Kwa ulivyonieleza, huko kuhema kupya hakungoji kliniki. Mpeleke kesho asubuhi, hata akikwambia ni uzee. Watu wa rika letu tuna maneno mengi ya kukwepa hospitali, na hilo ndilo tunalolipenda zaidi.

Usiku huohuo utaondoka ukimkuta anahema ilhali ametulia, au hawezi kabisa kulala chali, au anakohoa povu lenye rangi ya waridi, au midomo imepauka na kuwa ya kijivu. Vilevile akizimia, akianza kuchanganyikiwa, au kifua kikimbana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakatambaa kwenye mkono, taya au mgongo, na jasho jembamba la baridi likamtoka. Ila ujue kwamba wanawake, na wenye kisukari, wakati mwingine moyo huwashika bila maumivu makali ya kifua: uchovu wa ghafla usioelezeka, kichefuchefu, pumzi fupi. Usiseme ni gesi. Ita gari la wagonjwa, na mnapolisubiri akae wima, miguu ining'inie chini. Usimlaze eti apumzike. Mimi nililazwa hivyo na jirani mwema, nikaona kama nazama kisimani.

Sasa, hayo yote ni ya miguu miwili. Ukivimba mguu mmoja peke yake, hiyo ni habari nyingine, na mimi naiogopa zaidi kwa sababu haina kelele. Shavu la mguu linauma, lina joto, limekuwa jekundu au limekaza kuliko la pili, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa, upasuaji, mguu kufungwa plasta, au kujifungua. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usimkande, usimsugue kwa mafuta. Bonge hilo likichomoka huenda moja kwa moja kwenye mapafu, na hapo pumzi hukatika ghafla, kifua huchoma kila akivuta hewa, wengine hukohoa damu. Hiyo ni dharura ya dakika. Lakini hata kama pumzi ni nzima, mguu mmoja uliovimba hivyo uonwe siku hiyohiyo. Ulipojifungua, bibi yako alishakunja mikono ya gauni akukande shavu la mguu. Yule nesi aliyemfokea alikuwa mkali, ila mimi hadi leo namshukuru.

Jambo la mwisho ni mfuko wake wa dawa, uende nao. Kama anameza amlodipini ya presha, yenyewe inaweza kuvimbisha vifundo. Asiiache kwa uamuzi wake, daktari ndiye ataibadilisha akiona inafaa. Uangalie pia vidonge vya maumivu, diklofenaki au ibuprofeni. Hivyo huzuia chumvi na maji mwilini na moyo dhaifu hulemewa. Mimi nilikuwa navimeza kila siku kwa ajili ya goti, na sikumwambia daktari kwa sababu hakuniuliza.

Kesho jioni nitakupigia simu. Kabla ya salamu nipe namba mbili: mito na kilo.

Baba yako