Majani ya mkarafuu hayataki moto mkali

Msomaji mmoja wa Wete ameniandikia kwamba mafuta yake ya majani ya mkarafuu yametoka meusi, yananuka moshi, na mnunuzi kayakataa. Anauliza aongeze kuni kiasi gani. Usiongeze, ndugu yangu. Punguza.

Mafuta ya mkarafuu yamo tayari ndani ya jani. Si kama mwamba unaochimbwa Estonia, huko Ulaya, kutengenezea mafuta, ambao lazima uchomwe hadi karibu nyuzi 500 ndipo uvunjike utoe kitu. Yujenoli, ambayo ni kiasi cha asilimia 80 hadi 90 ya mafuta haya, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254. Ikifuatana na mvuke hutoka chini kidogo ya nyuzi 100. Basi maji ya ndani ya pipa la kukenekea yakishachemka, kuni za ziada haziyapandishi joto, zinayamaliza tu. Yakikauka, majani yaliyolala kwenye kitako cha pipa yanaungua na moshi wake unapanda na mafuta. Harufu hiyo sijui nani ataitoa.

Weka wavu shubiri moja juu ya maji, majani yakae hapo. Yawe makavu ya kuokota, wala usiyashindilie, maana mvuke utajitobolea njia moja na kuyaacha mengine. Washa kwa kuni, endeleza kwa makumbi ya nazi, muda wa saa 6 hadi 8. Kilo 100 hutoa kilo 2 hadi 3.

Maji na mafuta yanayotoka kwenye bomba la kupoozea mvuke yawe vuguvugu tu. Banda zima likinukia karafuu, mafuta yako yanakwenda na upepo. Mafuta mengi huzama ndani ya maji, kwa hiyo koki iwe chini ya chombo cha kupokelea. Lakini utando unaoelea juu usiumwage, nao ni mafuta. Maji yenyewe yarudishe kwenye pipa, kwani yamebeba yujenoli kidogo.

Weusi ni kesi nyingine: ni pipa la chuma. Yujenoli ikikutana na kutu hubadilika rangi. Kwa mzigo ulionao, koroga na ndimu ya unga kidogo, uache utuame, uchuje kwa kitambaa cha pamba, kisha utie kwenye chupa za kioo. Dumu la plastiki liache, yujenoli hula baadhi ya plastiki.