Nilikanyaga kiwanja kwa imani, kumbe sikuwa nimemuuliza Mungu

Bwana asifiwe wapendwa. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeona niliandike maana karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza, huyu ni kazi, yule ni mchumba, mwingine kiwanja, ila swali ni lile lile, nitajuaje kama ni Mungu anasema au ni mimi mwenyewe?

Mwaka 2016 dalali alinipigia simu, kuna kiwanja pembeni kabisa ya barabara kuu, bei nzuri, mwenye nacho ana shida na anataka pesa kabla ya Ijumaa. Nilikuwa na milioni 4 za kikoba. Nikafunga siku tatu, siku ya tatu nikafungua Biblia nikaweka kidole, kikaangukia Yoshua 1:3, kila mahali mtakapokanyaga nimewapa. Jamani nililia! Nikaenda pale asubuhi nikazunguka kiwanja chote nakanyaga na kunena. Mke wangu akasema, baba Neema, si twende kwanza tukawaulize majirani? Nikamwambia usiwe kama Tomaso. Hiyo kauli mpaka leo inaniuma kuliko hata hela.

Siku ya kulipa tulisaini karatasi pale pale uwanjani na mimi nimekalia kinguzo kifupi cha zege kilichozibwa na majani. Kilikuwa kinguzo cha hifadhi ya barabara, yaani lile eneo la pembeni ya barabara ambalo haliruhusiwi kujengwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inasema barabara kuu ina mita 30 kila upande kuanzia katikati, na mimi nyumba yangu yote ingekaa humo ndani. Mama mmoja anaekaanga mihogo hatua kumi kutoka pale alikuwa anajua muda wote, nilikuja kumuuliza baada ya miezi miwili akanijibu kwa upole tu, "Baba, mbona hukuniuliza, hapo wanakuja kupima kila mara."

Baadae nikaendelea kusoma kitabu kile kile cha Yoshua, sura ya 9, habari za Wagibeoni. Walikuja na mikate imekauka ina ukungu na viatu vimetiwa viraka wakadai wametoka nchi ya mbali, Israeli wakaangalia mikate wakaridhika, wasimuulize Bwana. Mimi nilifanya kinyume chake, niliomba sana ila mikate sikuiangalia. Na hata hayo maombi nikiyapima leo, sikuwa nauliza chochote, nilikuwa nabembeleza Mungu anipigie muhuri kitu nilichokwisha kukiamua, kidole kingeangukia mstari wowote ningepata pa kushika.

Nehemia ndo alinifundisha. Alipopata habari za ukuta wa Yerusalemu alilia, akafunga, akaomba kuanzia mwezi wa Kisleu hadi Nisani, hiyo ni kama miezi minne, na mfalme alipomuuliza unataka nini akaomba tena pale pale kwa kifupi. Halafu alipofika Yerusalemu akaamka usiku na watu wachache akauzunguka ukuta, akaona wapi pamebomoka na wapi hata mnyama wake hapiti. Mtu kaomba miezi minne na bado kaenda kuangalia! Kwangu mimi kule kuzunguka ukuta ni maombi yaleyale yanaendelea.

Kwahiyo siku hizi ninaomba hivi, Bwana nionyeshe kile ambacho sitaki kukiona, halafu natoka kwenda kukitafuta. Kama ni kiwanja naenda serikali ya mtaa, naenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kufanya upekuzi, naongea na majirani, naenda na wakati wa masika. Kama ni mchumba nenda kwao, muone anavyoongea na mama yake. Na wale mnaoniambia mtumishi fulani ametoa neno, mshukuru kwa maombi yake lakini uamuzi usimwachie yeye, yeye haishi kwenye hiyo ndoa.

Na ukiona kuna haraka, simama. Amani niliyokuwa nayo 2016 ilikuwa kama ya kweli kabisa, ila ilikuwa haitaki kuguswa, mke wangu akiuliza swali moja tu napandisha sauti. Nikiona nakasirikia swali sasa hivi, najua sijamaliza kuomba.

Mwaka jana tulipata habari za kiwanja kingine Kibaha. Tuliomba wote wawili toka Januari, mwezi wa nne tukaenda mvua inanyesha, mke wangu akavua viatu akasimama kona ya chini, maji yakamfika kwenye vifundo. Muuzaji akatupa siku tatu. Tukashikana mikono pale pale kwenye tope tukaomba, tukamshukuru yule baba kwa heshima, tukapanda daladala tukarudi nyumbani.